Khashkhashi ya Bi Moza

Sajini Mjaka Jaribu alivuta kigoda akakaa mbele ya mlango wa mahabusu. Ndani, Ahmada alikuwa sakafuni, magoti kifuani, anatetemeka. Alikuwa na siku mbili na nusu bila unga wa kulevya, na kwa aliyezoea, siku mbili na nusu ni nyingi.

"Kete zilikuwa ngapi?" Mjaka aliuliza.

"Tatu."

"Tulikukuta na mbili."

"Moja nimevuta mwenyewe, afande. Nyuma ya choo, nyumbani kwa mama. Jumanne."

Mjaka aliandika. Mkubwa wa kituo alitaka faili liwe mezani kwake kabla ya jioni, na kwa mkubwa mambo yalikuwa yamekwisha. Pacha wawili wa siku ishirini na mbili, Himid na Mbarouk, walilala Jumatano asubuhi kule Ole usingizi usioamshika. Himid alikata roho kabla ya adhuhuri, akazikwa siku ile ile. Mbarouk alifikishwa hospitali Chake Chake na roho mkononi. Daktari akasema kilichowalaza ni kitu cha ukoo wa kasumba, ukoo mmoja na unga. Na katika nyumba ile usiku wa Jumanne alikuwa amelala mjomba wao, mla unga wa mtaa wa Madungu, anayejulikana na kila polisi wa mji.

"Uliwabeba watoto?"

"Mama hakuniachia. Alisema nanuka."

"Hukumpa hata mmoja kitu mdomoni?"

Ahmada alicheka, kicheko kibaya, kikaishia kikohozi. "Afande, ungeniuliza kama nimeiba redio ya mama, ningekwambia ndiyo, niliiba na kuiuza. Lakini kete yangu nimpe mtoto mchanga? Wewe umeona wapi mla unga anagawa?"

Jawabu lilikuwa chafu, lakini Mjaka aliliona lina akili ndani yake.

"Mkubwa anataka kufukua kaburi," alisema.

"Asimfukue mtoto wa watu kwa ajili yangu. Nifungeni tu." Ahmada aliegemeza kichwa ukutani. "Huyu mwengine yu hai bado?"

"Yu hai."

"Basi mtazameni huyo. Mie n'shafika hapa, sendi popote."

*

Saa tatu na nusu Mjaka alikuwa wodi ya watoto. Dokta Nyange hakumpa mkono. Alimpa karatasi.

"Isome mwenyewe, Sajini. Mtoto wa umri huu hupumua mara arubaini kwa dakika, na zaidi. Tazama."

Mjaka alisoma. Jumatano tarehe 14 Julai 1993, saa saba mchana: pumzi kumi na mbili, mboni za macho kama ncha ya sindano. Kachomwa sindano ya kuondoa nguvu ya kasumba. Alhamisi alfajiri: pumzi thelathini na nane, kanyonya, kalia. Alhamisi saa nane mchana: pumzi kumi na nne, mboni kama ncha ya sindano. Kachomwa sindano ya pili. Leo Ijumaa saa tatu: pumzi arubaini, kanyonya.

"Mara ya pili hii ni mabaki ya ile ya kwanza?"

"Nilidhani hivyo. Sindano yetu hii huisha nguvu mapema, na sumu ikiwa bado mwilini mtoto huzama tena. Lakini huzama baada ya saa moja au mbili. Huyu alikaa macho nusu siku, akalia, akanyonya, ndipo akazama. Huyu alipewa tena, Sajini. Humu humu wodini mwangu."

Mjaka alirudi kwenye mstari wa Alhamisi akautazama sana. Ahmada alikamatwa Alhamisi saa mbili asubuhi. Saa nane mchana alikuwa ndani, kufuli nje, na funguo zilikuwa mfukoni mwa Mjaka mwenyewe.

"Sindano zimebaki ngapi?"

"Kichupa kimoja. Nimepiga simu Unguja, hakuna ndege mpaka kesho."

Pembeni ya kitanda alikaa Masika, mama wa watoto, kanga imefungwa kichwani kwa namna ya mzazi asiyemaliza arubaini yake. Uso ulikuwa umekauka. Mtoto alikuwa kifuani kwake, anahema vizuri, mdomo wazi.

"Pole, bibie."

"Nishapoa."

"Nani anakuja kumtazama mtoto?"

"Mama tu. Anakwenda Ole kupika, anarudi. Baba yao yuko Kojani, baharini, hata habari hana."

"Mmempa dawa yoyote? Ya mchango? Ya kienyeji?"

"Dokta kaniuliza mara tatu. Hakuna dawa. Tungempa dawa ningesema, kwani mie sitaki huyu mmoja aliyebaki?"

"Chakula? Asali, uji?"

"Siku ishirini na nne, afande, uji wa nini? Ziwa langu tu."

Mjaka alitazama chini ya kitanda. Palikuwa na chupa ya chai, sahani, na kopo la maziwa ya unga lililofunikwa kitambaa. Alilivuta. Ndani mlikuwa na kitu kama rojo zito, rangi ya maziwa machafu, na harufu ya iliki.

"Hii ni yangu," alisema Masika. "Khashkhashi. Mama ananisagia na maziwa na asali, ya mgongo na ya kuleta ziwa. Wazazi wote kwetu siku hizi wanakula."

Dokta Nyange alisogea. Khashkhashi ni mbegu ndogo sana, ufuta mbele yake ni mkubwa, na hutoka ndani ya tunda la ua lile lile linalotoa kasumba. Daktari alimvuta Masika ukope, akamulika tochi.

"Macho yake mazima. Kama kasumba ingekuwa imo humu, yeye angelala kwanza. Lakini chukua."

Mjaka alilichukua kopo. Alimwambia Masika, polepole, ili lisimpotee neno: "Mtoto asipewe dawa wala chakula mpaka nirudi."

"Hapewi," alisema Masika, na hakusema uongo.

*

Hija alikuwa na duka la viungo sokoni Chake, duka jembamba lenye harufu ya kila kitu. Alitia kidole koponi, akaonja, akasukutua ulimi.

"Nzuri hii. Imeoshwa, imekaangwa, imesagwa. Imetengenezwa na mtu anayejua."

"Mbegu umeuza wewe?"

"Nusu kilo, Bi Moza wa Ole, mamaake Ahmada, Jumatatu. Kuna kosa, Sajini? Watu wanakula hii tangu zamani. Wanatia kwenye mchuzi wa kuku ukawa mzito, wanamwagia juu ya mkate, wanapikia halua. Ina mafuta yake, ina nguvu. Mbegu haina neno."

"Mtoto kafa, Hija. Niambie chenye neno."

Hija alifungua mdomo wa gunia. Kisha alichota konzi ya mbegu kutoka guniani, akaitia kwenye gilasi, akamimina maji kidogo, akatikisa kwa muda. Maji yalibadilika, yakawa rangi ya chai ya rangi iliyochujuka.

"Onja. Kwa ncha ya ulimi tu, usimeze."

Mjaka alionja. Uchungu wa mwarubaini ulimpanda mpaka masikioni, akatema nje.

"Huo ni utomvu," alisema Hija. "Tunda likivunjwa ovyo shambani, utomvu wake unaganda juu ya mbegu. Mzigo mwengine unakuja safi, mwengine unakuja mchafu, na kwa macho hutambui. Huu wa safari hii ni mchafu, nimemwambia kila aliyenunua. Osha maji matatu, mwaga, kisha kaanga. Bi Moza nilimwambia mara mbili, na yeye si mtu wa kupuuza."

"Hakupuuza. Umeonja mwenyewe."

"Basi mie na yeye hatuna kesi."

Mjaka alisimama pale dukani, gilasi mkononi. Nusu kilo ya mbegu ilikuwa na uchungu Jumatatu. Leo mbegu zimo koponi, hazina uchungu. Uchungu haukufa. Ulitoka kwenye mbegu ukaingia kwenye maji. Na yeye tangu asubuhi alikuwa anafukuzana na mbegu.

"Mtu akinywa haya?" aliuliza.

"Mtu mzima? Atalala mpaka aonewe huruma. Wako wanaoyataka kwa makusudi, na wengine hawaamki." Hija aliichukua gilasi akaenda kuimwaga mferejini, akaisuuza mara mbili. "Mtoto mchanga usiniulize."

*

Alifika Ole saa sita kasorobo, pikipiki inatoa moshi. Nyumba ya Bi Moza ilikuwa imefungwa. Uwanjani, juu ya jamvi, jirani yake Bi Mwanapili alikuwa anachambua karafuu, vijiti vya makonyo huku, karafuu huku, mikono inakwenda yenyewe.

"Assalaam aleikum, Bi Mwanapili. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ukimtaka Moza umempita njiani. Kapanda gari linalotoka Wete sasa hivi, kenda kwa mjukuu. Na huyu mwana wake mshamtoa?"

"Bado."

"Mkae naye tu, akitoka ataniibia jamvi."

Mjaka alichutama. "Bi Moza alipoosha khashkhashi, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, nani aliyemshikia kitambaa cha kuchujia? Moza ana tabu zake kwa usafi. Kaziroweka Jumanne jioni, Jumatano alfajiri tukachuja. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kama alivyoambiwa."

"Ya kwanza mlitia maji mengi?"

"Kikombe kimoja na nusu. Zilizame tu."

"Kwa nini machache hivyo?"

Bi Mwanapili alimtazama kama anamtazama mtu asiye wa hapa. "Mengi ya nini? Zilikuwa zishasomewa. Moza kazipeleka kwa Shehe Msellem Jumanne asubuhi, kazisomea aya zote za mzazi na za watoto. Ukitia maji pipa zima, baraka inatawanyika."

Mikono ya Mjaka ilikuwa juu ya magoti. Aliiacha hapo hapo.

"Na yale maji ya kwanza mlimwaga wapi?"

"Astaghfirullah. Maji yaliyopita kwenye maneno ya Mungu nimwage uwani, kuku wakanyage? Kombe la maandishi ya aya unamwaga weye? Ya pili na ya tatu tumeyatia kwenye shina la mgomba, pasipokanyagwa na mtu. Ya kwanza yamenywewa. Hayo ndiyo yenye kitu."

"Yamenywewa na nani?"

"Mie nilipewa funda moja." Aliacha kuchambua. Sauti ilishuka. "Ah, mwanangu, nimeaibika. Nikenda kujinyoosha kidogo, mgongo umeniacha, raha imenijia, nikalala. Kilio cha Himid kimelia nyumba ya pili, mie sisikii. Watu wamenigongea dirisha kwa mawe. Mpaka leo Moza sijamtazama usoni."

Mjaka alisimama. Mtu mzima wa miaka sitini, funda moja.

"Na watoto?"

"Watoto ndio walioombewa, wasipewe? Kawapa kwa kijiko. Yaliyobaki katia kwenye kichupa, kenda nayo hospitali. Jana alikwenda nayo, leo kenda nayo. Anasema madaktari wana dawa zao na Mungu ana yake."

Alikuwa ameuliza dawa. Alikuwa ameuliza chakula. Daktari naye, mara tatu, aliuliza hayo hayo, na wanawake wale walijibu kweli tupu. Maji ya kusomewa si dawa na si chakula. Hakuna aliyeuliza maji.

"Bi Mwanapili, nyumbani kwako yamo?"

"Hayamo. Kuna nini?"

Pikipiki ilikuwa imeshawaka.

*

Njia ya Ole kwenda Chake ilikuwa na mashimo ya mvua za masika ambayo hayajazibwa. Gari la Wete aliliona mbele mara moja tu, kwenye mlima, limejaa mpaka watu wananing'inia, kisha likapotea. Mjini alikuta msikiti umejaa mpaka barabarani, watu wamo katika sala, akalazimika kuzunguka. Hospitalini korido ilikuwa tupu. Wanaume wamekwenda kusali, muuguzi mmoja alikuwa dirishani kwenye dawa.

Bi Moza alikuwa amekaa kitandani, mtoto kwenye paja, kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa kimesimama juu ya kabati. Kifuniko kilikuwa wazi. Masika alikuwa anakunja nepi.

Mjaka alikichukua kichupa kabla ya salamu.

"Umempa?"

"Kijiko kimoja," alisema Bi Moza. "Na nusu kakitema. Kuna nini, mwanangu, mbona umetoka jasho?"

"Lini?"

"Sasa hivi. Ndio kwanza nafuta kijiko."

Mjaka alitoka mlangoni akamwita muuguzi, na muuguzi akamtoa Dokta Nyange msikitini na viatu mkononi. Walimchukua mtoto mpaka chumba cha pili. Mlango haukufungwa vizuri, na Mjaka alisimama pale, saa yake mkononi, kwa sababu daktari alimwambia ahesabu pumzi kwa sauti kila dakika.

"Thelathini na sita."

Bi Moza alikuwa nyuma yake. "Wanamfanya nini?"

"Thelathini."

"Alikuwa mzima huyu. Kanitazama."

"Ishirini na nne." Kisha, baada ya muda: "Kumi na tisa. Dokta, kumi na tisa."

Dokta Nyange alivunja kichupa chake cha mwisho. Alichoma nusu. Nusu nyengine aliiacha ndani ya bomba la sindano, akaliweka juu ya kitambaa safi, akashika mpira wa kupulizia hewa akaanza kuubana. Mjaka alihesabu. Watu walirudi kutoka msikitini, wakapita korido wanazungumza, wakaona, wakapisha. Baada ya saa nzima daktari alichoma ile nusu iliyobaki, na baada ya hapo hakukuwa na kitu zaidi ya mpira na mikono.

Adhana ya alasiri ilipolia, mtoto alikuwa anapumua mwenyewe, mara thelathini na moja. Alilia kilio chembamba. Masika aliingia akampokea.

Mjaka alimchukua Bi Moza kwenye benchi la korido. Alimwambia yote, kwa mpangilio: utomvu, mzigo mchafu, maji ya kwanza, kikombe kimoja na nusu. Alimwambia kwamba mbegu aliziosha vizuri, na rojo la Masika halikuwa na kosa. Hakumficha lililobaki, kwa sababu mama huyu angeliambiwa tu, na sokoni wangemwambia vibaya zaidi.

"Ahmada anatoka leo," alisema.

Bi Moza aliinamisha kichwa. Vidole vilikuwa vinakunja pindo la buibui, vinakunjua.

"Maneno ya Mungu hayaui," alisema.

"Hayaui, Bi Moza. Hata maji hayakuwa na kosa. Ni kilichokuwemo ndani yake."

"Kwa nini huyu kabaki?"

"Sijui. Si lazima tuseme hayo leo."

"Mie najua." Alizungumza taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi na anataka uandikwe sawasawa. "Mbarouk ni mvivu wa kumeza. Ukimtia kijiko, anakitema, nusu inaingia kanzuni. Jumatano nilimkasirikia. Himid alikuwa hodari. Kijiko cha kwanza kameza, cha pili kameza, kafungua mdomo. Nikamwongeza cha tatu."

Mjaka alikuwa na daftari kwenye paja, na kalamu haikuwa imetembea.

"Nilimsifu, mwanangu. Nilimwita mamaake aje aone. Nikamwambia, tazama mwanao huyu anavyoyapenda maneno ya Mungu."

Ndani, mtoto alilia tena, na Masika akaanza kumbembeleza. Bi Moza hakuinuka.

"Andika," alisema. "Andika vijiko vitatu. Na useme nani kampa."